Bi harusi wa chumba kimoja, usikidharau kitanda cha kukunja



Harusi zikikaribia, maneno mengi huwa juu ya kitanda. Mama anataka samadari. Shoga zake bi harusi wanataka futi sita kwa sita, chenye kichwa cha kuchongwa. Bwana harusi mwenyewe kapanga chumba kimoja. Kitanda kikishaingia, hapabaki hata pa kutandika msala, na deni la seremala linabaki kwa wanandoa.

Mimi nasema wazi: kwa chumba kimoja, kitanda cha kukunja ukutani kina heshima kuliko samadari ya mkopo, mradi kitengenezwe kisawasawa.

Kwanza ni sitara. Mgeni akipiga hodi kwenye chumba kimoja, anaingilia penye kitanda. Wifi, jirani, kijana anayeleta maji, wote wanaona mnapolala. Kitanda kikiinuliwa asubuhi, mna pa kusali, pa kula na pa kukaribisha watu. Hata William Murphy wa San Francisco, Marekani, aliyevieneza vitanda hivi mwanzoni mwa karne ya 20, inasimuliwa kuwa aliishi chumba kimoja, na desturi ya wakati ule haikuruhusu mwanamke kuingia chumba anacholala mwanamume.

Najua mtasema vinaumiza mgongo. Vingi vinaumiza kweli, lakini kosa ni la sponji. Mafundi huweka ya inchi 2 ili kitanda kijifunge vizuri, kisha nyonga zinagusa mbao. Hilo linarekebishika nyumbani.

Tafuta sponji ya inchi 4, na uipime kwenye mzani. Sponji nzuri ya kulalia watu wazima kila siku ina kama kilo 30 kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo godoro la futi 4 kwa 6, unene wa inchi 4, likaribie kilo 7. Ukilikuta lina kilo 3 na nusu, umeuziwa hewa.

Chini yake usiweke ubao mzima. Kwa unyevu wetu wa pwani, hasa masika, jasho halina pa kutokea na ukungu unaota. Weka chaga, zipishane kwa vidole vitatu au vinne.

Sasa kazi ya cherehani. Kava la ndani lishone kwa marekani, na ukifue kitambaa kabla ya kukikata kwa sababu husinyaa. Kava la juu liwe la kitambaa kizito, lipungue sentimita moja kuliko sponji ili lijae bila mikunjo, na zipu izunguke pande tatu ili livuliwe na kufuliwa. Piga mishono miwili kwenye kona. Ongeza mikanda miwili ya kufungia godoro kwenye fremu, lisiporomoke kitanda kinapoinuliwa.

Kabla ya yote, mwambie fundi uzito wa godoro jipya, maana bawaba na komeo zilipimwa kwa lile jepesi. Kitanda kikishushwa, miguu ndiyo ibebe uzito wenu, sio ukuta. Nyumba zetu za zamani za mawe na chokaa, skrubu huchomoka humo bila taarifa.

Mama zetu, naelewa mnataka mabinti zenu waonekane wameolewa kwa heshima. Lakini Bi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa godoro la Mtume (S.A.W.) lilikuwa la ngozi lililojazwa nyuzi za mtende. Kama nyumba ile haikuona haya, ya nini binti yako aanze ndoa akilipa kitanda kila mwezi huku kodi ya chumba inamsubiri? Mpeni sponji nzuri, kava safi na chumba kisicho na deni. Samadari itakuja nyumba ikiongezeka, Inshaallah.

Wabillahi tawfiq.