Pesa Zilizokosea Njia, Zirudi kwa Nani?



Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa mkoba, na wezi wameufuata. Hila yao inayoniudhi zaidi ni ile inayomnasa mtu mwaminifu. Mama anapata ujumbe kwamba amepokea shilingi 50,000. Punde anapigiwa, sauti ya unyonge: "Mama, nimekosea namba, zilikuwa za dawa, nirudishie." Kwa kumcha Mungu anatuma papo hapo. Kumbe ujumbe ule kauandika mwizi mwenyewe, na pesa zilizotoka ni za mama.

Wapo wasemao, basi tunyamaze, zikija ni rizki. Hapana! Mali ya mtu haiwi rizki yako kwa kukosewa tarakimu moja. Lakini Sura An-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe, si kwa kila anayepiga simu.

Tazama salio kwanza. Kama hazimo, huna deni. Kama zimo, usizile wala usizitume wewe. Mwambie aende kwa kampuni yake izirudishe zilikotoka. Ukituma wewe, naye akaomba kampuni, utalipa mara mbili. Tanzania, namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040.

Nanyi wanafunzi, bibi akikupeni simu mumsomee ujumbe, angalieni umetoka kwa kampuni au kwa namba ya mtu. Namba yake ya siri mwacheni aibonyeze mwenyewe, hata akichelewa.