Hodi kwa Lugha Isiyoeleweka: Faragha na Ridhaa katika Enzi ya Teknolojia Mpya

Magofu ya Gede, karibu na Malindi, yanahifadhi funzo kuhusu faragha ambalo halijatiliwa maanani ipasavyo. James Kirkman alipoanza kuufukua mji huo mwaka 1948, baadhi ya nyumba zake zilipewa majina kutokana na vitu vilivyopatikana ndani, kama vile Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Taa ya Chuma. Majina ya wenyewe hayajulikani. Kinachowasemea ni walichokiacha. Aidha, mpangilio wa nyumba hizo unabainisha ngazi za ukaribu: ua wa mbele, chumba kirefu cha mapokezi, kisha vyumba vya ndani. Hadi leo, katika ustaarabu wa pwani, mgeni hupiga hodi na kusubiri kukaribishwa. Asipoitikiwa mara ya tatu, huondoka. Kwa mantiki hii, faragha si fikra iliyoletwa na sheria za kigeni. Ilikuwa na adabu yake kabla ya sheria hizo kuandikwa.

Teknolojia mpya zimeitikisa adabu hiyo. Wapo wanaodai kuwa tatizo ni ukosefu wa sheria. Dai hilo halina mashiko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 31, inamhakikishia kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba 2019, na Kamishna wa Data wa kwanza, Immaculate Kassait, akaapishwa Novemba 2020. Sheria hiyo inataka ridhaa iwe wazi, ya hiari, mahususi, na yenye kutolewa na mtu aliyefahamishwa. Hodi basi ipo katika sheria. Tatizo ni kwamba aghalabu hupigwa kwa kuchelewa, na hupigwa kwa lugha ambayo mwenye nyumba haielewi.

Kuchelewa huko kulidhihirika katika usajili wa Huduma Namba. Mamilioni ya wananchi walichukuliwa alama za vidole na picha kati ya Aprili na Mei 2019, miezi kadhaa kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Data kupitishwa. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa chembechembe za DNA na wa mahali hasa mtu anapoishi. Oktoba 2021 mahakama hiyo ilibatilisha utoaji wa kadi kwa kuwa tathmini ya athari kwa faragha haikuwa imefanywa kwanza. Mgeni alikuwa amekwisha kuketi ndani ndipo akakumbushwa kupiga hodi.

Kisa cha Worldcoin kinaonyesha upande wa pili. Mnamo Julai na Agosti 2023, watu walipanga foleni ndefu jijini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha kwa kifaa cha mviringo, wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hizo Agosti 2023. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe katika muda wa siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data, ikashikilia kuwa ridhaa iliyovutwa kwa kishawishi cha sarafu haikuwa halali. Uamuzi huo ni wa kupongezwa. Hata hivyo, nywila ikiibwa hubadilishwa. Mboni ya jicho haibadilishwi.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Leo kata ni simu, nayo husema. Zipo programu za mikopo zilizochota orodha ya watu waliohifadhiwa katika simu ya mkopaji, kisha wakapigiwa mkwe, mwajiri na jirani kuelezwa deni lake. Katika jamii inayothamini sitara, fedheha hiyo huzidi deni lenyewe. Septemba 2023 Kamishna aliitoza faini kampuni moja ya mikopo ya aina hiyo.

Je, mkopaji huyo aliridhia? Tumchukue mkulima wa Gede anayezungumza Kigiriama nyumbani na Kiswahili sokoni. Programu inamletea kurasa nyingi za Kiingereza cha wanasheria, na chini yake kitufe kimoja cha kukubali. Akikibonyeza, yasemekana ameridhia. Ni dhahiri kuwa hapo hakuna ridhaa. Pana kidole tu kilichogusa kioo. Ibara ya 7 ya Katiba imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Haifai lugha hiyo itumike katika matangazo ya kumvuta mteja, kisha iachwe pale anapopaswa kuelezwa anachokitoa.

Yamkini patatokea wa kusema kuwa Kiswahili hakina msamiati wa kueleza mambo haya. Tanzania imekwisha kulijibu dai hilo: ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hata wajuao Kiingereza hawasomi masharti hayo. Ni kweli, na ndiyo sababu tafsiri pekee haitoshi. Kinachohitajika ni maelezo mafupi, kwa Kiswahili sanifu kisicho na vizingiti, yanayosomeka na yanayoweza kusikilizwa: nini kinachukuliwa, nani atakiona, kitakaa muda gani, na mtu akikataa atapoteza nini. Msajili anayefika kijijini ayaseme pia kwa lugha ya kijiji hicho.

Kazi hii haiwezi kuachiwa wanasheria na mafundi wa tarakilishi peke yao. Idara za Kiswahili vyuoni, ambazo hufundisha tafsiri na isimujamii, zina wajibu wa kuandaa istilahi na vielelezo vya ridhaa vinavyoeleweka, na Kamishna ana wajibu wa kuvidai kwa kila mkusanyaji wa data. Maji yakimwagika hayazoleki. Wenyeji wa Gede ya kale hawakuulizwa ni kitu gani kiwasemee baada yao. Walio hai leo wanaweza kuulizwa, na waulizwe kwa lugha wanayoweza kuijibu, wakitaka, kwa neno la kukataa.