Onyo la Madhabahuni Humlenga Nani?

Ni jambo la kawaida siku hizi kuwasikia wahubiri wakiyataja maonyo ya Biblia kuhusu kumvunjia Mungu heshima katika ibada. Aghalabu maonyo hayo huelekezwa kwa muumini wa kawaida: aliyechelewa, aliyevaa visivyo au aliyetoa sadaka haba. Hoja yangu ni kwamba usomaji wa aina hii huugeuza mkuki uliolengwa kwa mchungaji ukamchoma kondoo.

Tuanze na Walawi 10. Nadabu na Abihu, walioteketea baada ya kutoa moto wa kigeni katika vyetezo vyao, hawakuwa watu wa pembeni. Walikuwa wana wa Haruni, makuhani waliokwisha kuwekwa wakfu. Katika 1 Samweli 2, mtumishi wa makuhani, wana wa Eli, alidai nyama ya dhabihu kabla ya mafuta kuteketezwa, na aliyesita alitishwa kunyang'anywa kwa nguvu. Msimulizi anabainisha kwamba mwenye sadaka ndiye aliyetaka utaratibu ufuatwe. Upande wa kuhani ndio uliouvunja. Hatimaye Hofni na Finehasi walikufa siku moja, na Sanduku la Agano likatekwa na Wafilisti.

Malaki naye anawakemea makuhani waliokubali wanyama vipofu, vilema na wagonjwa. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuzingatia. Biblia ya Union Version ya mwaka wa 1952 inawauliza kama liwali angeridhika na zawadi kama hiyo. Neno la Kiebrania lilitaja gavana wa enzi za Uajemi. Watafsiri wakateua cheo ambacho Mwambao wa wakati huo ulikifahamu vyema. Kwa uteuzi huo wa neno moja, kejeli ya nabii ilimfikia msomaji wa Kiswahili ikiwa na ukali wake wote.

Kuna watakaonipinga wakisema kwamba Malaki huyo huyo anamlaani pia mtu mwenye dume zima kundini anayetoa lenye kasoro, na kwamba Paulo analionya kanisa zima la Korintho. Ni kweli. Hata hivyo, katika 1 Wakorintho 11 kosa linalotajwa ni la walioshiba na kulewa ilhali wenzao wana njaa, wakawatahayarisha wasio na kitu. Anayelaumiwa ni mwenye uwezo anayetoa kidogo au kumdharau mnyonge. Maskini hatishwi popote katika vifungu hivi.

Suala hili si la darasani pekee. Mwaka wa 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, katika mkasa uliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa. Jamii inayofundishwa kwamba onyo la Mungu humhusu anayeketi kwenye viti tu, kamwe si anayesimama mimbarini, hukosa kipimo cha kumpimia kiongozi wake.

Wanaisimu na wanafasihi tunafunzwa kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, na katika muktadha upi? Tusiyaache maswali hayo mlangoni mwa kanisa. Anayetusomea habari za moto wa Nadabu anapaswa kwanza kukichunguza chetezo kilicho mkononi mwake mwenyewe.