Maneno ya mradi: muyaelewe kabla ya kusaini mkopo wa kilimo

Leo hatuongei mbolea wala dawa. Leo tunaongea karatasi, ile mnayoiita andiko la mradi.

Kila halmashauri ikifungua dirisha la mikopo, mambo yanakuwa yale yale. Kikundi kinakimbilia steshenari mjini, kinakuta andiko la kikundi kingine limehifadhiwa kwenye kompyuta, kinabadilisha jina, "kuku wa mayai" inakuwa "kilimo cha vitunguu", linachapwa, mhuri unagongwa. Ndani mmejaa maneno mazito: lengo kuu, matokeo tarajiwa, viashiria, vihatarishi, mtiririko wa fedha. Sasa muulize katibu kiashiria ni nini. Atamwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti atamwangalia mweka hazina. Mweka hazina ataangalia simu.

Wapo wanaosema hakuna shida, maneno hayo ni ya ofisini, shamba ni jembe na maji. Mimi nasema shida ipo tena kubwa. Maneno ya mradi ni makubaliano. Vijana watano wakitamka "faida" na kila mmoja ana faida yake kichwani, ugomvi wao umeshapandwa pamoja na mbegu. Utavunwa siku ya kugawana hela.

Kumbuka pia mnachokisaini. Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo huu hauna riba, lakini kutokuwa na riba hakuufanyi kuwa zawadi. Ni deni, na linalipwa kwa tarehe zilizoandikwa kwenye mkataba.

Tuyapitie maneno hayo kwa mfano mmoja. Vijana watano, eka 1 ya vitunguu, kiangazi, maji ya mto kwa pampu. Fedha nitakazotaja ni za mfano tu, ninyi wekeni bei za kwenu.

Lengo, zao la mradi na matokeo

Haya matatu yanachanganywa kuliko yote. Ukiuliza kikundi lengo lenu ni nini, wanajibu "kulima vitunguu". Hapana. Kulima ni shughuli. Kilo 6,000 za vitunguu vilivyokauka vizuri ndilo zao la mradi, yaani kitu kinachotoka mwisho wa kazi. Matokeo ni mabadiliko yanayokuja kwa sababu ya kile kitu: deni limeisha, kikundi kina mtaji wake wa msimu ujao. Lengo ni kule mnakotaka kufika kwa ujumla, mfano kila mwanachama aishi kwa kilimo bila kutegemea vibarua.

Kwa nini ujisumbue kutenganisha? Kwa sababu unaweza kupata zao ukakosa matokeo. Kilo 6,000 zipo, bei imeanguka, deni liko pale pale. Kikundi kilichoandika "lengo ni kulima vitunguu" kitasema kimefanikiwa, huku mkopeshaji anagonga mlango.

Upeo wa mradi

Upeo ni mpaka. Unasema mradi unaanzia wapi, unaishia wapi, na kipi hakimo. Mnauzia shambani au mnapeleka wenyewe Dar es Salaam? Kama mnapeleka wenyewe, usafiri, magunia na ushuru vimo kwenye bajeti? Shamba ni la mjomba wa mwenyekiti, je, kodi yake imo?

Halafu linakuja lile jambo la katikati ya msimu. Mmoja anasema, "Jamani, pale pembeni pamebaki, tuweke na nyanya kidogo." Nyanya kidogo zinataka dawa zake, vibarua wake na maji yake, na hela zinatoka mfuko ule ule wa vitunguu. Mkiwa na upeo ulioandikwa, jibu ni rahisi: wazo zuri, tuliweke msimu ujao, au tukae tulitafutie bajeti yake.

Kazi tangulizi na hatua muhimu

Kazi tangulizi ni ile ambayo isipofanyika, nyingine haiwezi kuanza. Hatua muhimu ni alama ya njiani ya kujua mmefika wapi: miche imehamishwa, palizi ya kwanza imeisha, mavuno yameanza.

Vitunguu vinakaa kitaluni wiki 6 hadi 8. Vikihamishiwa shambani vinachukua kama siku 90 hadi 120 kutegemea aina na hali ya hewa. Baada ya kung'oa kuna kukausha, tuseme wiki 2. Tukichukua wiki 7 za kitalu, 15 za shamba na 2 za kukausha, jumla ni wiki 24. Hiyo ni miezi mitano na nusu, na kila kazi hapo inaisubiri iliyotangulia. Kitalu kikichelewa wiki 3, mavuno yanachelewa wiki 3. Mavuno yakichelewa mnaweza kukutana na mvua vitunguu vikiwa bado ardhini, na kitunguu kilichonyeshewa wakati wa kuvuna mnajua kinavyooza.

Lakini ziko kazi zenye nafasi ya kusubiri. Wakati miche iko kitaluni mnaweza kulima shamba, kutengeneza majaruba na kutafuta pampu. Kitalu cha eka 1 mnaweza kukimwagilia kwa keni. Kwa hiyo pampu ina nafasi ya karibu wiki 7, na mbegu haina nafasi hata ya wiki moja. Vijana wengi wanafanya kinyume. Hela ikiingia, siku ya pili wako dukani kununua pampu, picha inapigwa, inawekwa sitetasi. Mbegu inatafutwa mwezi unaofuata, na kwa haraka hiyo wanauziwa mbegu za zamani zisizoota. Ukielewa kazi tangulizi, shilingi ya kwanza inakwenda kwenye mbegu bora.

Faida siyo mtiririko wa fedha

Hapa ndipo vikundi vinapovunjika, kwa hiyo twende polepole.

Kikundi chetu kimekopa 3,500,000. Pampu na mipira yake 600,000. Gharama za msimu, yaani mbegu, mbolea, dawa, mafuta, vibarua na kodi ya shamba, 2,900,000. Wamevuna kilo 6,000, wameuza kwa shilingi 800, wamepata 4,800,000. Faida ni shilingi ngapi?

Wa kwanza anasema 4,800,000. Huyo ametaja mauzo, na kichwani ameshajigawia 960,000. Wa pili anatoa gharama za msimu, anapata 1,900,000, lakini amefanya kama pampu waliokota njiani. Wa tatu anatoa vyote pamoja na pampu nzima, anabaki na 1,300,000. Wa nne anasema pampu itafanya kazi misimu 6, basi kila msimu ibebe 100,000 ya uchakavu. Anapata 1,800,000.

Faida ya msimu ni hiyo ya wa nne, 1,800,000. Sasa wakitaka kugawana 360,000 kila mtu, hela hiyo haipo! Wakishalipa mkopo wote, mkononi kuna 1,300,000. Ile 500,000 nyingine hawajaibiwa. Imo ndani ya pampu ambayo bado ina misimu 5 ya kufanya kazi. Kikundi kisichoelewa hapa kitamtuhumu mweka hazina, na mweka hazina mwenyewe hatajua kujieleza.

Faida inakuambia kama biashara inalipa. Mtiririko wa fedha unakuambia tarehe gani hela inaingia, tarehe gani inatoka, na kama siku ya kulipa utakuwa nayo. Unaweza kuwa na faida ukashindwa kulipa deni.

Tuseme mkopo umeingia katikati ya Mei na kitalu kimeanza wiki hiyo hiyo. Wiki 24 zinawapeleka mwisho wa Oktoba. Mkataba ukisema rejesho la kwanza ni Agosti, mtalipa na nini? Agosti vitunguu viko shambani vinakunywa maji. Hapo kikundi kinauza pampu, au kinang'oa vitunguu vibichi na kupokea bei yoyote ya dalali. Ndiyo maana ya kuuliza muda wa neema, yaani kipindi kabla ya rejesho la kwanza. Ulizeni kabla ya kusaini. Pelekeni kalenda ya zao lenu, onyesheni wiki 24, ombeni rejesho lianze baada ya mauzo. Mkikataliwa, heri kukopa kidogo kuliko kusaini tarehe ambayo shamba haliwezi kuitimiza.

Hesabu nyingine ya kubandika ukutani ni bei ya kurudisha gharama. Chukua 2,900,000 ongeza uchakavu 100,000, gawanya kwa kilo 6,000. Unapata shilingi 500. Chini ya hapo mnauza kwa hasara. Na ili mlipe mkopo wote kwa mavuno hayo peke yake, mnahitaji karibu shilingi 584 kwa kilo. Dalali akifika na shilingi 450, mtajua mnajadiliana kuhusu nini.

Dhana, kihatarishi na tatizo

Dhana ni jambo mnalolichukulia kuwa kweli bila uhakika: "mto hautakauka Septemba". Kihatarishi ni jambo baya linaloweza kutokea: mto ukauke. Tatizo ni pale mto umeshakauka.

Maandiko mengi yanaandika "vihatarishi: magonjwa, ukame, bei kushuka", basi. Hiyo ni orodha ya hofu. Kihatarishi kilichoandikwa vizuri kinajibu maswali manne: dalili yake ni ipi, tutafanya nini, nani anaangalia, hela ya kukabili inatoka wapi. Mfano thripsi. Dalili ni michirizi myeupe kwenye majani. Atakayekagua kila Jumatatu anatajwa kwa jina. Hatua ni kupiga dawa iliyosajiliwa kwa kipimo chake. Hela inatoka kwenye fungu la dharura, ambalo halikuchanganywa na posho za vikao.

Kiashiria, ufuatiliaji na tathmini

Kiashiria ni kipimo cha kujua kama mnakwenda au mmesimama. Sharti lake ni moja: watu wawili wakipima, wapate jibu moja. "Mavuno mazuri" siyo kiashiria. Hata "magunia 60" ni kiashiria kibovu, maana gunia la nani? Wakala wa Vipimo wamepiga marufuku lumbesa miaka mingi na bado ipo. Aliyeuza magunia 60 ya lumbesa anaweza kuwa ametoa mzigo wa magunia 80. Andikeni kilo, na mwe na mzani.

Ufuatiliaji ni kuangalia wakati kazi inaendelea, kila wiki, ili mrekebishe. Tathmini ni kukaa mwishoni na kuuliza: tulipata tulichokusudia? Kwa nini? Kikundi kinachofanya tathmini bila ufuatiliaji kinafanya matanga.

"Mbona baba alilima bila maneno haya?"

Swali hili naulizwa sana na ni swali la haki. Baba alikuwa nayo mambo yenyewe. Mzee wa Dodoma anayeweka mtama pembeni ya mahindi anajua kihatarishi kuliko wengi wenye diploma. Mama anayeficha mbegu juu ya dari la jikoni anajua akiba ya dharura. Tofauti ni kwamba mzee alikuwa peke yake na shamba lake, hela yake, kichwa chake. Wewe uko na wenzako wanne, deni la serikali au benki, na mnunuzi anayetaka mzigo kwa tarehe. Yaliyokuwa kichwani kwa mtu mmoja lazima sasa yakae kwenye karatasi, kwa maneno ambayo wote mnayaelewa sawa.

Na wanaotoa fomu nao wana wajibu. Fomu inayomtaka kijana ajaze "viashiria vya matokeo" bila mstari mmoja wa maelezo inamfundisha kunakili. Kiswahili chetu kinatosha kumweleza.

Basi kabla ya kusaini, fanyeni zoezi hili. Kaeni wote, bila simu. Kila mtu aandike peke yake maana ya maneno sita: upeo, kazi tangulizi, faida, mtiririko wa fedha, kihatarishi, kiashiria. Kila neno alipe mfano wa mradi wenu, siyo wa kwenye andiko. Kisha someni kwa sauti. Pale majibu yanapotofautiana, bishaneni hapo hapo mpaka muelewane, ndipo mwandike andiko lenu wenyewe, hata kama litakuwa kurasa mbili tu.

Mabishano ya siku hiyo hayana gharama. Yakisubiri siku ya mauzo, yatagharimu kikundi.

Kazi njema, tuonane shambani.