Shangingi halihisi mashimo



Mnisamehe kwa ukimya. Nilikuwa BTP kwenye sekondari moja ya kata huko Biharamulo, nashika chaki wiki nane, halafu nikapita nyumbani Ngara kumsalimia mama. Sasa nimerudi chuo. Bumu halijaingia, chumbani tunabebana kama kawaida, na mlo ni mmoja kwa siku. Mwenye njaa ana maneno mengi, kwa hiyo leo nivumilieni.

Juzi usiku chumbani kulizuka ubishi. Jamaa wa uhandisi kabandika ukutani picha ya Lexus LX, lile dude jeusi lenye mdomo mkubwa mbele. Mwingine anasema akiajiriwa tu, mkopo wake wa kwanza ni Harrier, nyumba itafuata. Halafu wakanigeukia mimi. "Na wewe ticha utanunua nini, Phoenix?" Chumba kizima kicheko. Nilicheka na mimi, ila kuna kitu kilinikaba, kwa sababu siku chache tu zilikuwa zimepita tangu niisukume Harrier kwenye tope usiku, dada yangu akiwa ndani na uchungu wa kujifungua. Nitafika huko. Nianze na historia kidogo, maana ndilo somo ninalofundisha.

Toyota haikuanza na wakubwa. Mwaka 1951 ilitengeneza gari la kazi lililoitwa BJ, gumu kama punda, na mwaka 1954 gari hilo likapewa jina la Land Cruiser. Lilikuwa la milimani, la tope na la shida. Mwenye pesa zake aliyetaka kuonekana alinunua Benz. Huku kwetu baada ya uhuru wakubwa hata wakapewa jina, wabenzi. Toyota ilipotaka kukaa meza moja na Benz, mwaka 1989 huko Marekani, ilibidi ivae jina jingine kabisa, Lexus, maana ilijua tajiri wa kule hatatoa pesa za Benz kununua jina la gari la mtu wa kawaida. Mwaka 1996 ikaichukua Land Cruiser, ikaipamba, ikaiuza kule kama Lexus LX 450. Mwishoni mwa 1997 ikatoa Harrier huko Japani, na mwaka 1998 gari hilo hilo likaingia Marekani kama Lexus RX 300. Wengine nao hawakulala. Volkswagen, ambayo jina lake maana yake ni gari la wananchi, ilitoa Touareg mwaka 2002. Hyundai ikaanzisha jina la Genesis mwaka 2015. Kila aliyeanza kwa kumuuzia mnyonge alitaka siku moja amuuzie bosi.

Sisi Watanzania hatukuhitaji jina jipya. Toyota yenyewe ilitutosha. Ile Land Cruiser ya kifahari, kuanzia VX mpaka V8, tuliipa jina letu wenyewe, shangingi. Zamani neno hilo alipewa mwanamke wa mjini aliyekubuhu, anayejua kujipamba na kula pesa za watu. Aliyelihamishia neno hilo kwenye gari hakuwatendea haki wanawake, ila hapo kwenye kula pesa za watu hakukosea hata kidogo.

Ngara tuna historia yetu na Land Cruiser. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Benaco ikageuka mji wa maturubai. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini baba husimulia jinsi mashirika yalivyoingia na Land Cruiser nyeupe zenye antena ndefu, mpaka watoto wakawa wanazitambua kwa mlio kabla hazijatokea kilimani. Nyingi zilikuwa zile tunazoziita mkonga, kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda juu pembeni mwa kioo. Viti vyake vigumu, vumbi linaingia, ukikaa nyuma kichwa kinagonga paa. Zilibeba dawa, wagonjwa na maiti. Wakimbizi wale wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996, lakini hadi leo mzee wa Ngara akisikia mlio wa mkonga anajua kuna mtu anakwenda kusaidiwa.

Kwa hiyo tunazungumzia ndugu wawili wa tumbo moja. Toyota ilipopanda kwa matajiri haikumtupa yule wa shamba. Mkonga ilitoka mwaka 1984 na imeendelea kutengenezwa mpaka zama hizi. Mimi sina ugomvi na kampuni. Mfanyabiashara kuuza cha bei juu siyo dhambi. Ugomvi wangu ni na mnunuzi, na mnunuzi mkubwa wa mashangingi nchini ni sisi wenyewe, kupitia kodi zetu. Soma namba za magari: STK, STL, SU, DFP. Hayo ni yako, ndugu msomaji, japo hujawahi kuyapanda.

Sasa nirudi Biharamulo. Shule niliyofundisha iko kilomita 14 kutoka lami. Mimi nilifika pale kwa mchomoko. Kwa wasioujua, mchomoko ni gari dogo la watu watano ambalo kwetu linabeba tisa, na mmoja wao anakaa kiti kimoja na dereva. Kila shimo la njia ile nalijua kwa mgongo. Kuna korongo moja ambalo abiria wote hushuka, gari linavuka tupu, halafu tunapanda tena. Wanafunzi wa mbali wanatembea njia hiyo hiyo, na mvua ikinyesha darasa linabaki nusu.

Siku moja akaja mgeni mkubwa kutukagua. Simtaji yeye wala ofisi yake, maana wako wengi. V8 iliingia uwanjani kimya kama paka, vioo vya giza, kiyoyozi kinanguruma. Akashuka hana hata vumbi kwenye kiatu. Akawasalimia wanafunzi, halafu akasema, "Barabara yenu mbona siyo mbaya. Nilivyosikia malalamiko nilidhani haipitiki." Walimu tukatazamana. Akakaa dakika 40, akasaini kitabu cha wageni, akaondoka.

Usiku ule niliwaza sana, na nikafikia kuamini kwamba yule bwana hakusema uongo. Kwa kweli hakuihisi. Lile gari limetengenezwa kwa akili nyingi na watu wenye utaalamu ili aliye ndani asihisi shimo. Hiyo ndiyo kazi aliyolipiwa fundi, na aliifanya vizuri. Sasa fikirini, mtu ambaye kazi yake ni kujua mashimo yako wapi tumemnunulia chombo cha kumficha mashimo. Tumelipa mara mbili. Kwanza tumelipa bei ya gari, halafu tunalipa kwa barabara ambayo haitatengenezwa kwa sababu aliyeikagua aliiona nzuri. Na mambo ya mashimo hayaishii barabarani. Ukiwa na kioo cha giza na kiyoyozi huoni mama amebeba kuni na mtoto mgongoni, husikii mlio wa kengele ya shule kwamba ni rimu la gari lililotundikwa mtini.

Nimeahidi habari ya Harrier. Ilikuwa mwisho wa Septemba, mvua za kwanza zimeanza. Dada yangu alishikwa na uchungu saa sita usiku, siku kumi kabla ya tarehe aliyopewa. Shemeji akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, akajibiwa liko gereji. Kijijini kwetu mwenye gari ni mmoja, mfanyabiashara wa maharage, na gari lake ni Harrier, anaifuta kila asubuhi kama kioo. Mungu ambariki, hakusita hata kidogo. Alitandika kitenge kwenye kiti tukaondoka.

Sasa ile Harrier kwa umbo ni gari la porini, lakini chini ilijengwa kwa msingi wa Camry, gari la lami. Iliundwa kumpa mtu wa mjini hadhi ya gari refu bila adha ya gari la kazi. Bondeni ikazama mpaka milangoni. Tulisukuma mimi, shemeji na mwenye gari, tope mpaka kiunoni, dada analia ndani, mama anamwambia, "Vumilia mwanangu, vumilia." Hatukwenda hata hatua moja. Kilichotutoa ni mkonga ya parokia, ya zamani, taa moja haiwaki, ikitoka kupeleka mgonjwa mwingine. Mzee dereva hakuuliza maswali. Alitoa mnyororo, akavuta mara moja, halafu akamhamishia dada kwenye benchi la nyuma. Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri, tena hospitalini. Wote wazima. Lakini kama ile mkonga isingepita, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Najua mtakayosema. Wa kwanza atasema kiongozi anahitaji gari imara, barabara zetu mbovu. Nakubali, tena V8 ni imara kweli, siyo kama Harrier. Lakini mkonga nayo ni imara, na kiti cha ngozi hakipandishi mlima. Wa pili atasema ni wivu wa maskini. Inawezekana, nami nikiwa na pesa zangu naipenda ile LX ya ukutani. Mtu anunue kwa pesa zake hata mbili, tutampigia makofi. Ninachokataa ni kuninunulia mimi mlipa kodi heshima ya mtu mwingine kabla sijanunuliwa gari la kunipeleka kujifungua.

Wala simwambii mtu afanye miujiza. Jirani zetu wa ng'ambo ya Rusumo, Rwanda, katikati ya miaka ya 2000 waliyakusanya magari ya serikali, wakayapiga mnada na kuweka utaratibu wa kuwasaidia maofisa wanunue ya kwao. Kenya mwaka 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, ilitangaza injini zisizozidi sisi 1800 na mawaziri wakaletewa Volkswagen Passat. Hapa kwetu Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliyapigia kelele mashangingi alipokuwa madarakani, na katika bajeti ya 2022/23 Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alipendekeza wenye stahili ya magari wakopeshwe wanunue yao. Maneno mazuri tunayo tayari. Kinachopungua ni mtu wa kuanza kushuka kwenye gari.

Mimi ningeanza na sheria ndogo mbili. Moja, ofisi yoyote wilayani isinunue gari la kifahari wakati kuna kituo cha afya katika wilaya hiyo ambacho hakina gari la wagonjwa linalotembea. Pili, kila mkaguzi wa shule au barabara apande mchomoko angalau mara moja kwa mwaka, katikati, kiti cha nyuma. Ripoti zitabadilika wiki hiyo hiyo.

La mwisho. Huko Kabanga, Ngara, chini ya ardhi kuna nikeli. Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano ya mgodi huo, ikachukua hisa asilimia 16. Nikeli inaingia kwenye betri za magari ya umeme, na makampuni haya haya ya magari sasa yanatoa mashangingi ya umeme. Huenda siku moja gari lile la ukutani likatembea kwa udongo wa kwetu. Sina neno. Ombi langu ni kwamba pesa ya kwanza ya udongo huo inunue mkonga, na ipakwe msalaba mwekundu, na isikae gereji.

Jamaa wa uhandisi nilipomsimulia habari ya dada alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Mtoto mmemwitaje?" Picha yake bado iko ukutani. Simlaumu, ni nzuri.

Naomba kuwasilisha.