Eti kuandika mapenzi si kazi!

Wadau, leo nimekereka. Pale kafeteria jamaa wa fasihi wanadai mwandishi wa riwaya za mapenzi ni mvivu tu, anajilaza kochini na kubwabwaja. Haya, tumchukue wa kochini mwenyewe, Barbara Cartland wa Uingereza. Kweli alijilaza, karani pembeni akinakili kila anachotamka. Ila kabla ya hapo alishasoma vitabu vya historia kibao, maana hadithi zake nyingi ni za karne ya 19. Riwaya ya kwanza, Jigsaw, ilitoka miaka ya 1920. Alipofariki Mei 2000, ana miaka 98, vitabu vyake vilishapita 700, na miswada kama 160 ilikuwa bado haijachapwa! Kuna mwaka aliandika 23. We insha ya kurasa kumi tu unaomba uongezewe muda, eti msukumo haujaja.

Zinafanana? Sana tu! Binti bikira, bwana tajiri, hata mimi huchoka njiani. Basi semeni hadithi hamzipendi, tutaelewana. Lakini uvivu? Na ile riwaya yenu "nzito" mliyoianza mwaka wa kwanza, imefika sura ya ngapi jamani?