Ukaguzi wa ndege ndogo usigeuzwe kifungo



Nina malalamiko ambayo sisi wenye ndege ndogo tunayanong'ona kila siku katika uwanja wa Wilson, Nairobi, lakini hatuyaandiki. Ukaguzi mkubwa wa mwaka unachukua muda kupita kiasi, na anayetuchelewesha haoni haja ya kutueleza sababu.

Mimi na wenzangu tunamiliki Cessna 172 kwa ubia. Kila baada ya miezi 12, iwe imeruka sana au kidogo, lazima ifunguliwe, ikaguliwe na kutiwa sahihi ndipo irudi angani. Safari hii tuliipeleka karakana moja tukaahidiwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukazaa mwingine, na ndege ingali imevuliwa vifuniko.

Asije mtu akadhani tunataka mafundi waruke hatua. Kazi yenyewe inajulikana. Vifuniko vya injini na vya mabawa hufunguliwa, mgandamizo wa kila silinda hupimwa, chujio la oili hukatwa ili kutafuta chembe za chuma, plagi husafishwa, magneto hupimwa, na waya za kuendeshea mabawa na mkia hukaguliwa kama zimechakaa. Hata reli za viti zina agizo lake, lililotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani mwaka 2011, kwa sababu kiti cha rubani kikiteleza nyuma ndege inapopaa, usukani humponyoka. Ndege ikiwa haina kasoro kubwa, fundi mjuzi na msaidizi wake huimaliza orodha hiyo kwa siku chache.

Tunajua pia kwamba ndege zetu ni kongwe. Cessna ilisimamisha uundaji wa ndege za injini moja ya pistoni mwaka 1986, ikarejea baada ya miaka kumi, hivyo si ajabu kukutana na 172 yenye umri wa miaka 40 na zaidi. Zinazolala Malindi, Ukunda au Lamu hupigwa na chumvi ya bahari. Kutu ikionekana ndani ya bawa, hakuna mwenye akili atakayemwambia fundi aifunike. Hapo muda na uongezwe, nasi tutalipa bila kunung'unika.

Lakini kilichokula miezi yetu si kutu. Ndege ilianza kwa kungoja zamu, ilhali tuliambiwa tuilete tarehe hiyo hiyo. Ilipofunguliwa, fundi akahamishiwa ndege ya kampuni ya watalii, maana hiyo huingiza pesa kila siku. Baadaye ikagunduliwa kwamba bomba moja la mafuta linahitaji kubadilishwa. Oda ikapelekwa Marekani, mzigo ukafika, ukakwama forodhani kwa kukosa karatasi. Kipuri kilipotoka, fundi alikuwa tena kwenye kazi nyingine. Ukijumlisha yote, mikono ya fundi iligusa ndege yetu kwa sehemu ndogo sana ya muda huo.

Kungoja huku kuna gharama. Ada ya kuegesha na bima haziendi likizo. Kibaya zaidi, injini inaumia. Cessna 172 zilianza kufungwa injini za Lycoming mwaka 1968, na katika injini hizo kamshafti imekaa juu ya krankshafti. Injini isipowashwa kwa muda, oili huteremka na kuiacha kamshafti kavu, kutu ikaanza. Ndiyo maana Lycoming huelekeza kwamba injini itakayokaa zaidi ya siku 30 bila kufanya kazi ihifadhiwe kwa utaratibu maalumu. Yetu haikuhifadhiwa, kwa kuwa kila wiki tuliambiwa itatoka wiki ijayo. Ukaguzi uliokusudiwa kuilinda injini ndio ulioihatarisha.

Wapo watakaosema haya ni malalamiko ya matajiri. Sivyo. Ndege za shule za urubani hupanga foleni katika karakana hizo hizo, na mwanafunzi ambaye mzazi wake ameuza shamba kulipa karo hukaa bila kuruka mpaka mkono unakuwa mzito. Huduma ya madaktari wanaowafikia wagonjwa kwa ndege, iliyoanzishwa mwaka 1957, nayo ilijengwa juu ya ndege ndogo, na mpaka leo kuna viwanja vya murramu kaskazini ambako ndege kubwa haiwezi kutua.

Tukiuliza, tunajibiwa kwamba haraka haraka haina baraka na kwamba usalama kwanza. Wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wala ndege inayokaa wazi bila kuguswa haiongezewi usalama wowote.

Ninaomba mambo manne. Kwanza, karakana isiipokee ndege mpaka iwe na fundi na nafasi ya kuishughulikia. Pili, uchunguzi wote ufanywe siku za mwanzo, mwenye ndege apewe orodha ya kasoro pamoja na bei, na vipuri viagizwe kwa pamoja. Tatu, tarehe ya kumaliza iandikwe, na kila inapoahirishwa sababu iandikwe pia. Nne, injini ikikaa zaidi ya mwezi kwa uzembe wa karakana, karakana igharimie kuihifadhi. Wanaotoa leseni kwa karakana hizi nao wadai rekodi ya siku ndege ilipoingia na siku ilipotoka, kisha waitangaze ili mteja ajue pa kwenda.

Sisi wenye ndege tuache kunong'ona na tudai tarehe kwa maandishi kabla ya kukabidhi funguo. Ahadi ni deni, na karakana itakayolipa deni hilo haitakosa kazi.

Mwenye ndege,
Nairobi